Mbavu za Mjusi wa Mama

Kwa kazi yangu nimelamba mawe mengi kuliko peremende. Sisemi hivyo kujisifu. Mimi ni fundi sanifu wa miamba katika ofisi moja hapa Dodoma, na mtu wa miamba akiwa porini bila vifaa, ulimi ndio maabara yake ya kwanza. Jiwe la kawaida ukililamba linakuachia mchanga na aibu. Mfupa wa kale uliogeuka jiwe una vitundu vidogo vidogo ndani yake, unafyonza mate, kwa hiyo ulimi unanata. Ni hivyo tu. Kuna watu wamepata shahada kwa njia hiyo.

Nilijifunza kulamba kule Tendaguru, mkoani Lindi, nikiwa mwanafunzi. Kabla ya kwenda nilikuwa nategemea angalau geti. Mahali palipotoa dinosaria wanaojulikana dunia nzima, nilisema moyoni, hapawezi kukosa geti, kibao na mtu wa kukuzuia kuingia. Nikakuta kilima. Kilima chenye nyasi zinazokata miguu, joto la kukaangia mayai, na vinyuki vidogo visivyouma ila vinavyopenda kuishi ndani ya jicho la mtu. Wajerumani walichimba pale zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakawabebesha watu mifupa vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, mifupa ikapanda meli. Leo yule mkubwa wao, mwenye shingo ya kumdhalilisha twiga na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, amesimama kwenye ukumbi Ujerumani, ana taa zake na walinzi wake. Sisi tuliobaki na kilima tulibaki na vinyuki.

Siku ya nne mwalimu wetu aliniita kwenye ukingo wa korongo, akanionyesha kitu chenye rangi ya tofali lililochomwa vibaya, akaniambia, "Lamba."

Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Mzee mzima, ana wajukuu, ananiambia nilambe ukingo wa korongo. Nikalamba. Ulimi ukanata, ukanata kweli, hata nikalazimika kuuvuta. Hapo nilisikia kitu ambacho sijakisikia tena katika kazi hii: nilikuwa nimemgusa kwa ulimi mnyama wa enzi za Jura, aliyekula, aliyekunywa, aliyekufa pale pale, zamani ambazo akili yangu haikuweza kuzishika. Machozi yalinitoka. Halafu nikatema mate, nikanawa mdomo, tukaendelea kupima.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mama, Kongwa, kumweleza. Alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, vinyuki, korongo, ulimi na machozi, ndipo akaniuliza, "Kwa hiyo tumeuza ng'ombe ukasome kulamba mifupa?"

"Siyo kulamba tu, mama."

"Mbwa wa jirani anaifanya hiyo kazi, na hajawahi kuniomba ada."

Mama yangu ndiye huyo. Baba alifariki sisi tukiwa bado shule, akatulea watatu kwa uwele, alizeti na mdomo wake. Kaka mkubwa ni mtumishi wa serikali. Alihamia Dodoma pamoja na wizara yake, akajenga Nzuguni nyumba kubwa yenye ukuta. Dada ana saluni Ipagala. Mimi nimepanga Ipagala hiyo hiyo, mitaa miwili kutoka kwake, na mawe yangu chini ya kitanda.

Jambo moja la mama ambalo wageni huwa hawaliamini ni kwamba yeye ni msikilizaji wa Bunge. Wenzake wana tamthilia, yeye ana kipindi cha maswali na majibu. Redio inaning'inia kwenye msumari jikoni, na mbunge akichapia, mama anamjibu huku anasonga ugali. Kila suala la mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria aliyeko Ujerumani, lilipozuka, arudishwe au asirudishwe, mama alikuwa na msimamo wake. "Asirudi," aliniambia. "Mtamweka wapi? Taa za barabarani tu zinawashinda." Siku moja aliniuliza kama ni kweli alivyosikia, kwamba mahali panapopatikana mabaki ya kale kama hayo hapaguswi, hapachimbwi, hapauzwi ovyo, mpaka wahusika waje. Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye mzazi wangu anaijali taaluma yangu! Nikampa somo zima: namna ya kuitambua mifupa, inavyokaa kwenye udongo, kwa nini ulimi unanata, taarifa inakwenda kwa nani. Mama aliitikia kila sentensi, na hiyo peke yake ilitosha kunitia wasiwasi kama ningekuwa na akili.

Sasa basi. Mama aliteleza akitoka kisimani, mkono ukateguka. Haukuvunjika, uliteguka tu, na mama mmoja wa Kongwa anayekanda viungo alishaufunga vizuri kabla sisi hatujapata habari. Lakini kaka alikuwa anangoja sababu. Alikuwa na chumba kimekaa tayari Nzuguni, chenye choo ndani, na moyo wake ulikuwa unamuuma kwa kila usiku mama anaolala peke yake shambani. Hapo simcheki. Alikuwa anaumia kweli. Tukamchukua mama kwa majuma mawili, tukimwambia ni mpaka mkono upone.

Majuma mawili yale sikumsikia mama akilalamika hata mara moja. Chakula kizuri, kitanda kizuri, televisheni nzuri. Alikaa kwenye kochi ameshika mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Geti lilikuwa linafungwa kwa ufunguo kwa sababu ya wezi, na ufunguo alikuwa anao wifi kazini. Siku moja nilimkuta mama uani. Alikuwa ameotesha uwele katikati ya maua ya wifi, mbegu sijui alizitoa wapi, nafikiri kwenye mkoba, na wifi alikuwa ameing'oa miche asubuhi ile akidhani ni majani. Hakukosea kwa ubaya, msichana wa Moshi ataujulia wapi uwele. Mama alikuwa ameinama anaokota ile miche mmoja mmoja, anaikunja kwenye pindo la khanga. Aliponiona akasema, "Maua yamestawi sana hapa kwa kaka yako," akaingia ndani.

Ningepaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilimwambia dada kwamba mama anaanza kuzoea.

Mama aliporudi Kongwa kuaga, ndivyo kaka alivyosema, kuaga, tukafanya kikao cha familia. Tukaamua shamba liuzwe. Mnunuzi alikuwa amekwishapatikana, mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mtu mpole mwenye kofia. Mama alikuwepo kikaoni. Alisema anayoyasema siku zote, nasi tukasema ya kwetu, tukafunga kwa sala. Siku ya kuandikiana ikapangwa iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo, simu ikalia niko ofisini.

"Njoo," mama akasema. "Nimepata mjusi."

"Mjusi gani?"

"Kuna wangapi? Huyo wenu. Wa mifupa." Akakata, kwa sababu anaamini simu zinaisha kama betri za tochi.

Dakika tano baadaye akapiga kaka, anafoka mpaka simu inatetemeka. Kumbe mama alikuwa ameshamtaarifu mtendaji wa kijiji, na mtendaji alikuwa ameshafungua kitabu cha wageni.

Mtu ambaye hajakaa kwetu hawezi kuelewa uzito wa kitabu cha wageni. Sisi hatuwezi kuangalia kitu bila kusaini kwanza. Nenda shule, nenda zahanati, nenda kwenye kisima kilichokauka: jina, utokako, cheo, maoni, sahihi. Kitu kikishafunguliwa kitabu, kipo, hata kama hakipo. Ng'ombe wawili wakipigana mbele ya kitabu, ni tukio la kijiji. Kwa hiyo nilijua, kabla sijafunga mkoba wangu wa nyundo na lenzi, kwamba mjusi wa mama alikuwa amekwisha kuwa wa serikali nusu.

Jumamosi tukaenda sote kwa gari la kaka. Njia nzima kaka alikuwa anarudia kitu kimoja. "Wewe ndiye uliyemjaza maneno. Wewe na mijusi yako. Leo utasimama, utasema ukweli, mbele ya mtendaji na mnunuzi, tumalize."

"Nitasema," nikajibu, na nilikuwa namaanisha. Kwa sababu jibu nililijua tangu Dodoma. Miamba ya Tendaguru ni tabaka la mchanga na matope ya zamani za mijusi, matope yanaweza kumfunika mnyama akahifadhika. Huku kwetu uwanda wa kati ni granaiti, na granaiti ya huku ilikuwa imezeeka kabla mnyama wa kwanza hajafikiriwa na Mungu. Kutafuta dinosaria kwenye mwamba wa Kongwa ni kumtafuta mjukuu kwenye picha ya harusi ya babu yake. Hayumo, na si kosa lake.

Tulikuta watu kama msibani, ila wamechangamka. Mama alikuwa amemwajiri jirani amchimbie shimo la choo kipya upande wa chini wa shamba.

"Choo kipya cha nini, na unahama?" kaka alimuuliza hata kabla ya shikamoo.

"Atakayenunua atajisaidia wapi?" mama akamjibu. "Nimwachie mgeni choo kibovu? Aseme watoto wangu nimewalea vipi?"

Kaka akakumbuka shikamoo, akaitoa.

Nikasogea kwenye shimo. Kusema kweli nilishtuka. Kutoka kwenye ukuta wa shimo, usawa wa kiuno cha mtu, zilitokeza mbavu sita. Zimepinda, zimepangana vizuri, nene kama mkono wa mwanamume, nyeupe-kijivu, nafasi baina yao iko sawasawa. Ukiwa mtu wa kawaida na ukiziona, hakuna neno lingine utakalolitafuta. Ni mbavu.

Na mama alikuwa ameendesha mambo kwa utaratibu. Kwanza kitabu: mtendaji alikuwa amekaa chini ya mwavuli na kalamu mbili. Ukishasaini, unakwenda kwa mama. Mama ana ndoo ya maji na kitambaa, anapangusa ncha ya ubavu wa tatu, anakwambia, "Lamba."

Wakalamba. Ee Mungu wangu, wakalamba. Alilamba mwenyekiti wa kitongoji, akatoa macho na kusema, "Umenata!" huku ulimi bado uko nje. Walilamba akina mama wa kwaya, mmoja mmoja, kama wako kwenye foleni ya meza ya Bwana. Mchungaji peke yake ndiye aliyekataa, akasema yeye ataamini kwa imani. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuja na fimbo yake na ng'ombe wake wote kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, alizizunguka zile mbavu mara mbili kama yuko mnadani. Akakohoa. "Hizi si za ng'ombe," akatoa hukumu. "Ng'ombe mwenye mbavu hizi ungemkama kwa ngazi."

"Maziwa lakini!" akasema mwenzake.

"Angekula Kongwa yote."

Mnunuzi alikuwa pembeni, ameshika kofia yake mkononi. Yeye hakulamba. Alikuwa anamwangalia mtendaji anavyoandika.

"Haya, mtaalamu," kaka akanisukuma taratibu mgongoni. "Shuka."

Nikashuka shimoni. Nikasaidiwa na jirani mchimbaji, nikapiga magoti, nikatoa lenzi. Ule weupe ulikuwa chokaa ya ardhini, ile inayoganda kwenye udongo wetu mkavu miaka na miaka, imejishikiza juu ya kitu kama uji uliokaukia kwenye mwiko. Chokaa hiyo nayo ina vitundu. Ukiilamba, inanata. Ulimi wangu na shahada yangu vyote vingeweza kudanganywa na chokaa ile. Nikatoa dira, si kwa sababu ya akili, ni kwa mazoea tu, maana mwenye kazi hii akishuka shimoni hutoa dira. Nikaiweka juu ya ubavu wa tatu.

Sindano ikageuka. Ikaiacha kaskazini ya Mungu na ya watu wote, ikauelekea ubavu, ikatulia.

Nikaparua kidogo kwa ukucha upande wa chini, pasipoonekana. Kutu.

Ilinichukua muda mfupi sana kujua nimeona nini, kwa sababu sisi wa Kongwa tumekua na masimulizi hayo. Baada ya ile vita kuu ya pili Waingereza walikuja kulima karanga hapa, shamba la kulisha Uingereza nzima, na matrekta ya kung'oa pori. Udongo wetu wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua zikawapa mgongo, karanga zikawacheka, wakaondoka. Mashine zikabaki zikizeeka porini. Moja ya hizo ilikuwa reki kubwa ya chuma ya kung'olea mizizi, yenye meno yaliyopinda. Meno sita, yamepangana vizuri, nafasi iko sawasawa.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mjusi wa Waingereza.

Nikataka kucheka. Kicheko kilinifika kooni. Nikainua kichwa nimwambie kaka, na badala ya kaka nikamwona mama. Watu wote pale juu walikuwa wanaziangalia mbavu. Yeye alikuwa ananiangalia mimi. Kitambaa kilichoroa kiko mkononi, kinadondosha maji kwenye miguu yake, na miguu ile ilikuwa peku, ina udongo wa Kongwa mpaka kwenye vifundo. Hakuwa anatabasamu. Nikamkumbuka ameinama anaokota miche ya uwele kwenye maua ya watu, na kicheko kikaniisha. Niliona aibu. Niliwaza: huyu mama anaamini kweli. Amepata kitu kimoja cha kumshikilia hapa, amekipangusa kwa kitambaa, na mimi nina dira.

Nikapanda. Mtendaji akanisogezea kitabu. "Karibu, mtaalamu. Jina, utokako, cheo, maoni."

Jina niliandika. Utokako nikaandika. Kwenye cheo nikaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu nilijua kitatumika. Kwenye maoni nikasoma kwanza ya wenzangu. Katika ukurasa ule, juu yangu, watu walikuwa wameandika "Nzuri", "Inapendeza", "Mungu ni mwema" na "Serikali itufikirie barabara". Nikaandika: "Kitu ni cha kale. Kisiguswe. Eneo lisibadilishwe matumizi wala umiliki mpaka wataalamu wafike."

Mtendaji akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma matokeo ya uchaguzi. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Kaka akanisogelea, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Wataalamu gani? Si wewe ndiye mtaalamu?"

"Mimi ni mtaalamu wa kuita wataalamu."

"Watakuja lini?"

"Suala liko kwenye mchakato."

Neno hilo mtumishi wa serikali hana dawa yake. Alikuwa amelitumia mwenyewe kwa watu miaka yote, sasa limemrudia, na alijua halina mlango wa kutokea. Mnunuzi akavaa kofia yake. Alikuja kumpa mama mkono kwa heshima, akasema, "Mama, shamba naliweza. Lakini shamba lenye serikali chini yake siliwezi." Akaondoka, na mzee mfugaji akamfuata kumwonyesha ng'ombe wawili wanaouzwa.

Tulirudi Dodoma bila kaka kunisemesha. Alikaa miezi hivyo. Halafu, kwa kuwa moyo wake ulikuwa bado unamuuma na hakuwa na pa kuupeleka, akaanza kuleta vitu Kongwa: tanki la maji ili mama asiende kisimani, taa za sola, simu yenye betri inayokaa, hata kochi. Mama alilipokea kochi vizuri, akaliweka kwa kuku. Shimo tukaliziba kwa miiba, na pembeni kijiji kikaweka kibao: USIGUSE. Uwele wa mwaka ule ulifanya vizuri.

Mimi ndiye niliyekosa raha. Kudanganya familia ni jambo moja, kila familia ina sehemu yake ya uongo. Lakini kule kazini kila mgeni aliyeingia ofisini na kutaja Kongwa alinitoa jasho. Niliota wataalamu wamekuja kweli, wana vifaa, wananiuliza cheo changu. Nililala na lile neno "maoni" kichwani. Halafu msimu wa tatu mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini akanipigia simu kwa furaha tele. Alitaka kuleta darasa la sita shambani kwa mama, wamwone mjusi, wachore, waandike kwamba dinosaria wa Tanzania wamepatikana sehemu mbili: Tendaguru na Kongwa. Hapo nikashindwa. Watoto wale watafanya mtihani. Nililia Tendaguru kwa sababu kitu kile kilikuwa cha kweli, na sikuweza kuwapa watoto reki.

Nikaenda Kongwa kuungama. Nilimkuta mama jikoni, redio inazungumza, anasonga. Nikasema "shikamoo", akasema "marahaba", nikakaa kwenye kigoda, nikayatoa yote kwa mkupuo kabla ujasiri haujaisha. "Mama, nisamehe. Kile siyo mfupa. Ni chuma. Ni reki ya wale wa karanga. Nilijua siku ile ile, nikaandika uongo ili usihamishwe."

Mama hakuacha kusonga. "Najua ni chuma."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nina meno ya utoto. Nilikuwa nachezea juu yake. Babu yako ndiye aliyekifukia, wazungu walipoondoka, alitaka ayafue yale meno ya chuma awe na majembe. Akafa hajayafua." Akageuza ugali. "Nilimwambia jirani achimbe pale pale. Alichimba siku mbili, mvivu yule, ingekuwa mimi ni nusu siku."

"Na watu wote wale ukawalambisha?"

"Si wewe ulisema inanata? Nililamba kwanza mwenyewe, nikaona inanata. Nikasema kumbe mwanangu alisoma kitu."

"Mama! Mchungaji alikuwepo!"

"Mchungaji hakulamba."

Hasira zilinipanda, nazisema kama zilivyokuwa. Miaka miwili na ushei nimebeba uongo kama gunia, kumbe mwenye gunia anajua lina nini. Nikamwambia kwamba ningeweza kupoteza kazi. Nikamwambia kaka alininyamazia kwa ajili yake, na kwamba mtu mzima hafanyi mambo ya kitoto namna hiyo, kuchimba mashimo na kudanganya serikali, wakati alikuwa na mdomo, na mdomo wake tunaujua sote.

"Watoto wa shule waambie kweli," mama akasema. "Waambie ni reki, na waambie ya karanga, nayo ni historia. Kaka yako mwache kwanza."

"Lakini kwa nini hukutuambia tu, mama? Siku ile kikaoni. Ungesema tu kwamba hutaki kuhama."

Aliepua sufuria. Akaiweka chini, akazima redio, jambo ambalo halifanyi wakati wa Bunge. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka.

"Niliwaambia," akasema. "Nilisema mkono ulipoteguka. Nikasema kule kwa kaka yako, nimekaa kwenye kochi lake. Nikasema kikaoni, kabla hamjasali. Na kila nikisema, mnanijibu kwamba mnanipenda."

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaufunga, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa lile lile.